Kamera ya Kubik na vidole vya Mwenda

Tukianza mazungumzo juu ya gitare ya Katanga, vijana wetu wanauliza paka vyombo. Wakisikia «Masanga» ya Mwenda Jean-Bosco, swali ni lile lile: «Papa, iyi gitare iko na pedali gani?» Tunawajibu kwamba hakuna pedali. Hata ampli hakuna. Hugh Tracey, Mwingereza, alimrekodi Mwenda kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwezi wa pili mwaka 1952, na gitare ya mbao tu mbele ya mikro. Zile sauti mbili zinazojibizana, ile besi inayotembea kama mtu anayejua njia ya kwao, vyote vinatoka katika kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kuume.

Namna gani? Diski haisemi. Sahani ya mizunguko 78 ilibeba dakika tatu hivi upande mmoja: ilitunza sauti, mkono ikauacha nje. Anayeisikia mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba magitare ni mawili. Na kijana akikaa na kasete, akarudisha, akarudisha tena, atapata wimbo, ndiyo, lakini mara nyingi atautafuta mahali ambapo Mwenda hakuweka kidole. Sikio linachukua sauti za juu na kuziunganisha pamoja, za chini vilevile, hata linasikia nyimbo ambazo hakuna mkono unaozipiga.

Aliyetufafanulia jambo hili ni Gerhard Kubik, mtu wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1934. Wengi wanamjua kama mwalimu wa vitabu, lakini sisi tunapenda zaidi kumtazama kama mwanamuziki aliyeshika kamera. Alipiga klarineti ya jazi kwao. Alifika Afrika mwaka 1959, akakaa chini Kampala kujifunza marimba ya amadinda kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka. Pale akagundua kwamba kinachosikiwa na kinachopigwa ni vitu viwili, na mwaka 1962 akaandika juu yake.

Mwaka ule ule, kaskazini ya Msumbiji, alifanya kitu ambacho kwetu ni kazi yake bora kuliko zote za vyombo. Watu wawili walikuwa wanapiga marimba ya mangwilo, mmoja uso kwa uso na mwenzake. Kubik akawapiga filmu na kamera ndogo ya milimita 8, kamera bubu, haina sauti hata kidogo! Kisha akatazama filmu picha kwa picha, akiandika kwenye karatasi yenye miraba: hapa fimbo imegusa ubao, hapa bado. Kutoka kwenye filmu isiyosema neno akautoa muziki wote, akautangaza mwaka 1965. Wenye stidio kubwa, ambao bila mashine mpya hawafanyi kazi, wangefikiri kidogo juu ya karatasi ile.

Macho yale yale yako katika video yake «African Guitar», iliyotoka Marekani mwaka 1995, yenye picha alizozikusanya kati ya 1966 na 1993. Mwenda mwenyewe anaonekana mle, yeye aliyetutoka katika ajali ya gari mwaka 1990. Hapo tu unaelewa: gumba linashuka, shahada inapanda, na mkono wa kushoto hauna haraka kabisa. Tena Kubik si mgeni anayechungulia dirishani. Kule Malawi alipiga klarineti katika bendi ya Donald Kachamba, ndugu mdogo wa Daniel, yule fundi wa hauyani, gitare ya kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi. Anayepiga pamoja na watu anajua kamera ielekee wapi.

Lakini tuseme na lingine. Video ile ni ya gitare ya mtu mmoja mmoja, na kwetu gitare haikuwa hivyo siku zote. Chupa iko wapi? Yule rafiki anayegonga chupa kwa kitu cha chuma naye ni mwanamuziki, ndiye anayeonyesha mguu uende wapi. Wachezaji nao hawapo. Kubik alikata uwanja ili atupe vidole. Tunamshukuru kwa vidole, lakini uwanja tunaudai bado.

Na tusingoje mgeni mwingine aje kuudai. Mwaka 1979 mpiga gitare Mwingereza, John Low, alisafiri hadi Shaba kujifunza kwa Mwenda, kwa Losta Abelo na kwa Edouard Masengo, akaandika kitabu juu ya safari yake. Alitoka mbali hivyo kwa sababu diski hazikumtosha.

Simu ya mkononi ya leo inapiga picha 30 kwa sekunde, karibu mara mbili ya kamera nyingi za milimita 8 za wakati ule, na sauti juu yake. Lakini tazama filmu za harusi na za matanga zinazopigwa hapa kwetu: kamera inakaa usoni mwa mwimbaji toka mwanzo mpaka mwisho, na mpiga gitare tunamwona bega moja tu.