Fundi Konde: nimeshindwa kuzima redio

Mara sita tangu juzi! Fleshi ilitoka Tunduma mfukoni mwa dereva wa bodaboda, nikaichomeka kwenye redio ya dukani hapa Msangano, na wimbo wa kwanza haujafika hata nusu, mama aliyefuata chumvi akawa amekaa kwenye benchi. Ni mkusanyiko wa lebo ya Retroafric: nyimbo za Fundi Konde za 1947 hadi 1956. Wengine husubiri watulie ndipo waandike. Mimi nimeshindwa.

Huyu ni mtoto wa pwani ya Kenya, mzaliwa wa 1924. Vita Kuu ya Pili ilimfikisha Asia na kikosi cha burudani cha jeshi. Aliporudi akaingia studio za Nairobi, na huko hakuna alichoacha: anatunga, anaimba, anawapigia wenzake gitaa, kisha anahamia kwenye mitambo kuwarekodi. Gitaa la umeme nalo, kwenye santuri za Kenya, yeye ni katika waliotangulia.

Weka “Tausi Ndege Wangu”. Usisikilize sauti, sikiliza pale sauti inapopumua. Gitaa linachungulia, linasema neno lake, linarudi nyuma kabla ya mstari mwingine. Nimerudisha kipande hicho mpaka kidole kimeuma. Halafu “Jambo Sigara”! Sivuti, lakini kwa gitaa lile ningeweza kuomba kiberiti.

Mzee mmoja akabisha, “Huyo si Bosco?” Shikamoo mzee wangu, siye. Kosa lake ni la heshima, maana Katanga si mbali sana na sisi. Lakini Mwenda Jean Bosco, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Katanga, 1952, ni bendi nzima ndani ya mtu mmoja: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinacheza juu. Konde kazungukwa na watu. Siku zile wote mlipiga kwa pamoja, santuri inabeba kama dakika tatu, na mmoja akivuruga mnaanza upya. Ukipiga mno umewaharibia wenzako. Basi kijana huyu alijua kunyamaza, na kunyamaza kwake kuna mdundo!

Wapenzi wa rokabili watanitajia mpiga gitaa Scotty Moore, alivyombeba Elvis Presley kule Memphis Julai 1954. Sawa, namvulia kofia. Ila wakati huo Konde alikuwa na miaka saba ya santuri mgongoni, na rumba yake ilikuwa imeshalainika.

Kasoro? Besi inapotea, ingawa huenda ni spika yangu ya bei rahisi. Na nyimbo ni fupi kikatili. “Majengo Siendi Tena” imeisha nikiwa bado natafuta mahali pa kuweka mguu.

Mzee ameagiza irudiwe. Chumvi imenunuliwa saa kumi na mbili jioni.