Daktari Aliyesubiri Tunda

Ukitaka kumpima fundi wa kukausha mimea, usianze na ua, anza na majani. Mzembe huyalaza yote upande mmoja. Fundi hugeuza jani moja au mawili ili upande wa chini uonekane, kwa kuwa vinyweleo na mishipa ya huko chini mara nyingi ndiyo inayotofautisha mmea na nduguye.

Ufundi huo uliyajaza maisha ya Anders Fredrik Regnell, daktari wa Uswidi aliyezaliwa Stockholm mwaka 1807. Alisomea udaktari Uppsala, kisha mapafu yake yakaanza kumsumbua. Mwaka 1840 alivuka bahari kwenda Brazili kutafuta hewa ya kumfaa, na mwaka uliofuata akafika Caldas, mji mdogo wa nyanda za juu kusini mwa Minas Gerais. Alifika akiwa mgonjwa, akabaki kutibu wagonjwa hadi alipofariki huko mwaka 1884.

Kubaki huko ndiko kulikoipa kazi yake uzito. Wasafiri wengi wa karne ya 19 walichuma mimea wakiwa njiani. Aliyepita wakati wa maua aliondoka na ua. Tunda lilipoiva, yeye alikuwa mbali. Lakini anayetaka kuujua mmea sawasawa huhitaji vyote viwili. Regnell aliweza kurudi kwenye kichaka kile kile baada ya miezi kadhaa. Mvumilivu hula mbivu. Yeye mbivu zake alizihifadhi kwenye karatasi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ngumu kuidumisha. Tawi hukatwa likatoshea karatasi, likalazwa katikati ya karatasi za kunyonya maji, kisha likabanwa kwa mbao. Kesho yake hufunguliwa: karatasi zilizolowa hutolewa, kavu huwekwa. Keshokutwa vivyo hivyo, na siku zinazofuata, mpaka ukiligusa jani usisikie ubaridi. Msimu wa mvua, siku moja ya uvivu yatosha kuleta ukungu na kulifanya jani kuwa jeusi.

Iko mimea inayomtesa hata fundi. Peperomia, jamaa wa pilipili manga, ina majani manene yaliyojaa maji, nayo haikubali kukauka upesi. Mwaka 1867 kijana Salomon Eberhard Henschen, ambaye baadaye alisifika kama tabibu wa ubongo, alitoka Uswidi kwenda Caldas kukusanya mimea. Mwaka 1873 alitoa utafiti wake kuhusu Peperomia, zikiwemo za Caldas. Nyuma ya utafiti kama huo kuna karatasi nyingi zilizobadilishwa na mikono iliyokataa kuchoka.

Naona udaktari na ukaushaji vilikutana vizuri ndani ya Regnell. Tabibu mwema hurudi asubuhi kwenye kitanda kile kile, hufungua bandeji, hutazama, hufunga upya. Haridhiki kwamba jana alifanya vizuri. Rundo la mimea nalo linadai uaminifu wa namna hiyo hiyo.

Mimea yake ilisafirishwa hadi Uswidi, na hadi leo wataalamu huitambua kwa jina lake na namba zilizo kwenye vibandiko. Sehemu yake iliwafaa waandishi wa Flora Brasiliensis, kazi kubwa iliyoanza kuchapishwa mwaka ule ule wa 1840 na kukamilika mwaka 1906.

Udaktari ulimtajirisha, na utajiri huo akaurudisha kwenye elimu. Fedha zake zilisaidia kuanzishwa kwa kituo cha utafiti wa bahari cha Kristineberg, pwani ya magharibi ya Uswidi, mwaka 1877, ingawa yeye mwenyewe aliishi mbali kabisa na maji yale. Mwaka 1892, miaka minane baada ya kifo chake, Carl Lindman na Gustaf Malme walisafiri kwenda Amerika Kusini kwa fedha alizoacha. Miongoni mwa mimea ya safari hiyo, Lindman alitambua kangaga la majini lenye vijani viwili juu ya kila kikonyo, na mwaka 1904 akaliita Regnellidium.

Yule aliyezoea kurudi kichakani kusubiri tunda, safari hii alipanda mbegu akijua wazi kwamba watakaochuma ni wengine.