Mystique kwenye foleni ya Krakoa

Wiki mbili sasa kundi letu la kusoma linagombana juu ya mwanamke mwenye ngozi ya buluu. Anaitwa Mystique, wa katuni za X-Men. Wengi wenu mmemwona kwenye sinema: anajigeuza sura ya mtu yeyote, anadanganya, anaua. Kitabu chenyewe ni Inferno cha Jonathan Hickman, kilichoanza kutoka 2021. Mimi nakipenda kuliko katuni zote nilizosoma zenye wapenzi wa jinsia moja, na nakipenda kwa sababu hakikumsafisha huyu mama.

Kwanza mjue alikotoka. Mystique na Destiny, kipofu anayeona mambo yajayo, walionekana pamoja kwa mara ya kwanza 1981. Walimlea msichana anayeitwa Rogue. Mwandishi wao, Chris Claremont, aliwachukulia kama wapenzi, lakini kanuni za wachapishaji wa Marekani za tangu 1954 zilikataza kitu kama hicho. Basi ikabidi msomaji ajisomee katikati ya mistari. Kanuni zililegezwa 1989, na 1992 shujaa Northstar akatamka wazi, katikati ya vita, kwamba yeye anapenda wanaume. Hadithi ile ina mtoto mchanga anayekufa kwa UKIMWI, ina baba aliyefiwa na mwanawe, yaani kila kitu kimepangwa ili umhurumie. Naheshimu ujasiri wake. Ila, kusema kweli, inasomeka kama bango la semina.

Mystique haombi huruma ya mtu. Krakoa ni kisiwa cha mutanti, watu waliozaliwa na uwezo wa ajabu na kuwindwa kila mahali. Hapo wamepata kwao, na hata waliokufa wanaweza kurudishwa. Lakini kuna foleni. Destiny alikufa zamani, na Mystique anamtaka mke wake. Anaambiwa subiri. Anatumwa kazi ya hatari, anaimaliza, anarudi, anaambiwa bado. Ukweli ni kwamba wakubwa wawili wameshaamua Destiny asirudi kamwe, maana mtu anayeona yajayo atagundua siri yao. Na hakuna anayemwambia.

Tulipofika hapo mmoja wetu akacheka peke yake. Huyo anangoja faili ya kuunganishwa na familia, sina haja ya kueleza zaidi.

Nilichokiona ni hiki: wale wakubwa hawabishi kwamba Destiny ni mke wake. Wanambania ruhusa tu. Hasira yake ni ile ile ya mume au mke yeyote anayezungushwa. Mwishowe anajigeuza, anawadanganya wote, na Destiny anarudi.

Dada mmoja akauliza, sasa ati tumpigie makofi mwongo na muuaji? Mwingine akasema watu wa namna hii siku zote wanapewa nafasi ya ubaya. Huyo wa pili ana haki, ni tabia ya zamani ya katuni na sinema. Lakini humu ubaya wa Mystique hautoki kwenye mapenzi yake. Alikuwa mkorofi tangu zamani, na safari hii walioanza kudanganya ni viongozi. Watu wa mashirika wanaosoma hapa, samahani, lakini nanyi mnajua mkimbizi wa kupigwa picha: anaongea taratibu, anashukuru. Anayepiga kelele dirishani haingii kwenye ripoti. Je, mke wake si mke?

Kitabu kina makosa. Sehemu ya mwisho inazama kwenye mapigano na maelezo marefu, na usiposoma vitabu vilivyotangulia utapotea. Tena baada ya kungoja kote kule, siasa inawameza hao wawili. Nilitaka ukurasa mmoja tu wamekaa, wanakula, hawapangi kitu.

Kuna kijana mmoja kwenye kundi ambaye hakuchangia neno wiki zote mbili. Siku ya mwisho aliomba akae na kitabu usiku mmoja. Nilimpa. Hajarudisha bado, na mimi sijamuuliza.