Kanzu Isiyopakwa Rangi

Swali langu la kwanza kwa mwalimu wa rangi za maji lilihusu nyeupe. Ilikuwa mchana wa Ijumaa, Mkunazini, Unguja, tumeketi barazani na watu wanatoka msikitini. Upande wa pili wa njia alisimama mzee aliyevaa kanzu, nami nikataka kumchora. Nikatafuta kidonge cheupe kisandukuni, sikukiona.

"Mwalimu, nyeupe iko wapi?"

"Mbona unayo, mwanangu. Umeiwekea mkono."

Mkono wangu ulikuwa juu ya karatasi.

Anayechora kwa rangi za mafuta aweza kuanza na giza, kisha mwanga akauweka mwisho, juu ya kila kitu. Rangi za maji hazina ruhusa hiyo. Ni nyepesi kiasi kwamba mwanga huzipenya, ukagonga karatasi, ukarudi machoni pa mtazamaji. Karatasi ndiyo taa, ukiifunika umeizima. Kwa hiyo kanzu haipakwi. Unapaka ukuta ulio nyuma yake, unapaka uso na mikono, unatia kivuli kwenye mikunjo ya kwapani na magotini, halafu unainua brashi na kanzu ipo, imejitokeza yenyewe. Nilipoiona inatokea hivyo mara ya kwanza, nilinyamaza.

Nyeupe ya kupaka ipo, sikatai. Ile ya zinki ilianza kuuzwa London mwaka 1834, na wachoraji wakubwa wameitumia. Lakini kanzu iliyopakwa kwayo hukaa juu ya picha kama chaki, na mimi siipendi.

Ikiwa karatasi ndiyo taa, basi fedha kidogo uliyo nayo iende kwenye karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilianza na karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Ilipolowa ikajikunja kama papa mkavu, maji yakatuama mabondeni, na nikadhani kosa ni la mkono wangu. Karatasi ya kazi hii ni ya gramu 300, na iliyo bora hutengenezwa kwa pamba, ikatiwa jelatini ili maji yasizame mara moja bali yatulie juu kwa muda. Katika muda huo ndipo mchoraji anapofanya kazi yake. Brashi moja nene yenye ncha nzuri na rangi tatu zinatosha mwaka mzima.

Kilichonichukua muda mrefu kujifunza ni maji. Mwalimu alinifundisha kwa vitu vya jikoni: anga liwe chai ya rangi, kuta ziwe tui jepesi, kivuli cha mlangoni kiwe tui zito, na doa la mwisho, mboni ya jicho au kamba ya mashua, liwe asali. Tena alinifundisha kuitazama karatasi kwa ubavu. Inapong'aa kwa maji, rangi utakayodondosha itatawanyika laini kama wingu. Mng'ao ukishafifia, karatasi ikiwa na unyevu tu, usiiguse kwa brashi iliyojaa maji, kwa maana maji mapya yatasukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo zilizochanika. Masika hukupa muda wa kutosha. Kaskazi inapovuma na jua kali, anga zima lakukaukia kabla hujalimaliza. Mwanafunzi wa pwani lazima aijue misimu kama baharia.

Kinachoshika rangi kwenye karatasi ni gundi ya mgunga. Nyingi hutoka Sudan, hasa Kordofan, ambako magome huchanjwa na utomvu ukaachwa ukauke kuwa matone magumu. Hata Turkana na Marsabit huvunwa. Gundi hiyo huyeyuka tena ikipata maji. Ndiyo maana kidonge kilichokauka miezi sita huamka kwa tone moja, na ndiyo maana brashi nzito ikipita juu ya tabaka la kwanza hulivuruga.

Kuhusu buluu ningeweza kuzungumza hadi magharibi. Karne nyingi buluu ya thamani kuliko zote ilitoka kwenye jiwe la lajuwardi lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan. Mwaka 1828 ilitangazwa kwamba Mfaransa Jean-Baptiste Guimet amegundua namna ya kuitengeneza kiwandani, na bei ikashuka mpaka rangi hiyo ikaingia kwenye ndoo za dobi: ile buluu ya kufulia ya zamani, iliyotiwa kwenye maji ya suuza ili kanzu iwe nyeupe zaidi, ndiyo hiyo hiyo. Nami nikitaka kivuli cha kanzu naichanganya na hudhurungi nyekundu ya udongo uliochomwa, napata kijivu kilicho hai. Chembe za buluu hiyo huzama kwenye vishimo vya karatasi na kuacha punje ndogo ndogo, mithili ya uzi wa nguo. Bibi zetu waliing'arisha kanzu kwa rangi ileile ninayoitumia kuchora kivuli chake.

Nafasi ya kusahihisha ni ndogo. Turner, Mwingereza aliyeifikisha sanaa hii mbali kuliko wengi, alikuwa akiikwangua karatasi ili kuurudisha mwanga alioufunika. Mimi nimetoboa karatasi kadhaa kwa kujaribu hivyo.

Nawe ukipata karatasi moja nzuri, usianze na machweo wala bahari. Keti barazani Ijumaa watu wanapotoka msikitini, chagua kanzu moja, umwamkie mwenyewe na umwombe ruhusa, kisha anza na ukuta.