Miundu Sabini na Nzi

Kesi hii imo katika kitabu cha Song Ci, hakimu wa China aliyekusanya mbinu za kuchunguza vifo mwaka 1247. Wengi huisimulia kama kisa cha nzi waliomuumbua muuaji. Mimi naona kazi kubwa ilishafanyika kabla nzi wa kwanza hajatua.

Maiti ilikutwa kando ya njia, watu wakadhani ni kazi ya majambazi. Mpelelezi, ambaye hatajwi jina, akautazama mwili: nguo na vitu vyote vipo, ila majeraha ya mundu yanazidi kumi. Jambazi shida yake ni mali. Aliyekatakata hivi alikuwa na chuki.

Akawaondoa watu, akamwita mjane peke yake: mumeo alikosana na nani? Hakukosana na mtu yeyote, akajibu. Ila karibuni kuna mmoja alikuja kukopa, akanyimwa. Hilo nalo si la kuitwa uadui.

Hapa ndipo ninapompa heko mpelelezi huyu. Jina analo, na bado hakwenda kumkamata. Angemkamata, lingebaki neno la mjane dhidi ya neno la jirani, na kijiji kingefunga mdomo. Akatangaza kwamba majirani wote walete kila mundu walio nao. Atakayeficha ndiye muuaji. Kuuleta ni hatari, kuuficha ni kukiri. Wala hakuna aliyelazimika kumtaja mwenzake.

Ikaletwa miundu sabini, themanini hivi, ikapangwa chini. Kulikuwa na joto kali. Mundu ukioshwa hung'aa, lakini damu hujipenyeza pale chuma kinapoingia kwenye mpini, na maji ya harakaharaka hayaitoi. Jicho haliioni, nzi hunusa. Wakajaa kwenye mundu mmoja, mingine yote mitupu. Mwenye nao ni yule yule wa mkopo. Akakana. Akaoneshwa miundu ya wenzake isiyo na nzi hata mmoja, ndipo akagonga kichwa chini na kukiri.

Swali moja tu nalikosa: mundu ule ulikata nini mara ya mwisho? Nzi hajui damu ya mtu na ya mbuzi. Leo maabara ingetofautisha. Siku ile ilitosha kumuuliza mwenye mundu kabla hajaoneshwa nzi, na katika kisa kilivyoandikwa, hakuulizwa.