FARASI NI WA NANI?
Uchambuzi wa sinema ya Dream Horse

Siku tuliyoonyesha sinema ya Dream Horse katika darasa letu la jioni huko Temeke, maswali mawili yaliulizwa hata kabla taa hazijawashwa. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, aliuliza: "Mwalimu, huyo farasi odi yake ilikuwa ngapi?" Baada yake mama mmoja muuza samaki, ambaye ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwake, akauliza: "Na ile michango ya kila wiki, nani alikuwa anaitunza?"

Wote wawili walikaa benchi moja na kutazama picha ile ile. Lakini mmoja aliona kamari, na mwingine aliona ushirika. Tofauti hiyo haikutokana na umri wala akili. Ni tofauti ya fikra, na fikra za mtu hazishuki kutoka mbinguni. Zinachipuka katika namna anavyoupata mkate wake. Makala haya yanakusudia kuyachambua maswali hayo mawili, kwa sababu tunaamini kwamba kada anayeweza kuyajibu yote mawili sawasawa ameielewa sinema hii, na ameielewa pia sehemu kubwa ya maisha ya vijana wa Temeke na Kinondoni leo.

Kisa chenyewe

Dream Horse iliongozwa na Euros Lyn na ilianza kuonyeshwa mwaka 2020. Kisa chake ni cha kweli. Jan Vokes, anayeigizwa na Toni Collette, ni mama mfanyakazi wa kijiji cha Cefn Fforest, katika mabonde ya Wales ya Kusini yaliyokuwa na migodi ya makaa ya mawe. Kazi zake zilikuwa za kipato kidogo, mojawapo ikiwa kuuza vinywaji katika klabu ya wafanyakazi. Siku moja akiwa kazini alimsikia mhasibu wa kodi, Howard Davies, akizungumzia mbio za farasi. Akapata wazo la kufuga farasi wa mashindano.

Yeye na mumewe, Brian, walimnunua farasi jike kwa paundi 350. Kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kuendelea peke yao, waliunda chama. Watu 23 wa kijijini walikubali kuchanga paundi 10 kila wiki. Mwaka 2001 akazaliwa mtoto wa farasi, wakamwita Dream Alliance, akakulia katika kishamba juu ya kifusi cha makaa ya mawe. Baadaye alipelekwa kwa mfunzaji mashuhuri, Philip Hobbs. Mwaka 2008 aliumia vibaya kano ya mguu katika mbio za Aintree. Farasi wengi wakiumia hivyo maisha yao huishia hapo. Wenye chama waliamua atibiwe kwa seli shina, kwa fedha alizokwisha kushinda mwenyewe. Tarehe 28 Desemba 2009 alirudi uwanjani Chepstow na kushinda Welsh Grand National, mbio ndefu za kuruka vizuizi.

Nguvu ya sinema hii

Ili kuipima sinema hii ipasavyo hatuna budi kuilinganisha na zile zilizoitangulia. Seabiscuit, ya Gary Ross, ilitolewa mwaka 2003. Inasimulia habari za farasi mdogo aliyemshinda War Admiral mwaka 1938, wakati Marekani ikiwa bado katika mdororo mkubwa wa uchumi. Ni sinema iliyotengenezwa kwa ufundi. Lakini farasi yule alikuwa mali ya Charles Howard, tajiri wa biashara ya magari. Mamilioni waliokosa kazi wanaonekana wakifarijiwa na ushindi wa mali ya mtu mwingine. Wanapiga makofi, kisha wanarudi nyumbani na njaa yao.

Secretariat, ya mwaka 2010, inahusu farasi aliyeshinda mbio tatu kuu za Marekani mwaka 1973, na ya mwisho aliishinda kwa umbali wa urefu wa farasi 31. Shujaa wa sinema hiyo ni mwenye farasi, Penny Chenery. Saisi aliyekuwa akimlisha, kumsugua na kukaa naye zizini alikuwa Eddie Sweat, Mmarekani mweusi. Naye anaonyeshwa, lakini pembeni. Historia inatuambia kwamba mpanda farasi aliyeshinda Kentucky Derby ya kwanza, mwaka 1875, alikuwa Oliver Lewis, mtu mweusi pia. Hivyo kumweka mvuja jasho pembeni hakukutokana na uchache wake uwanjani. Kulitokana na swali la nani anamiliki.

Jambo hili la saisi si geni Afrika Mashariki. Walowezi wa Kenya waliunda klabu yao ya mbio za farasi mwaka 1903, na kwa miaka mingi uwanja wao wa Nairobi ulikuwa upande wa Kariokor, hadi walipohamia barabara ya Ngong mwaka 1954. Msomaji wa Dar es Salaam atalitambua jina hilo. Kariokor ni ndugu wa Kariakoo yetu. Yote mawili yametokana na kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alipata sifa ya kufunza farasi washindi. Jina la arap Ruta, mwenzake wa utotoni aliyefanya naye kazi katika mazizi hayo, tumelipata kwa kuwa bibi huyo alilitaja katika kitabu chake cha mwaka 1942. Wasaisi wengine wengi hawakutajwa na mtu.

Sasa, mbele ya historia hiyo, Dream Horse inaleta jambo jipya. Hapa wanaomiliki farasi ndio wale wale wanaofagia, wanaouza dukani na wanaopokea pensheni. Kwa maoni yetu sehemu bora za sinema hii si zile za uwanjani. Ni zile za vikao, pale watu wanapobishana, wanapopiga kura na kukubaliana na uamuzi wa wengi. Makabwela wanapoingia katika eneo la wenye farasi, kati ya mabwana wenye kofia ndefu, hawaingii kama wageni walioalikwa kwa huruma. Wanaingia kwa haki yao. Fimbo ya mnyonge ni umoja, na sinema hii inaionyesha fimbo hiyo ikishikwa.

Udhaifu wake

Pamoja na sifa hizo, sinema hii ina udhaifu wa aina mbili.

Kwanza, inatuonyesha bonde lililonyong'onyea, lakini haikai juu ya swali la nani aliyelinyong'onyeza. Mwezi Machi 1984 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waligoma baada ya kutangazwa mpango wa kufunga migodi 20 na kupunguza ajira 20,000. Wachimbaji wa Wales ya Kusini walikuwa miongoni mwa walioshikilia mgomo kwa uthabiti mkubwa, mpaka ulipokwisha Machi 1985 bila ushindi. Mgodi wa Oakdale, usio mbali na kijiji cha akina Vokes, ulifungwa mwaka 1989. Kwa hiyo ule moyo wa kuchanga na kupiga kura haukuzuka ghafla baani. Ni urithi wa vyama vya wafanyakazi na klabu zao, uliojengwa kwa vizazi. Mtazamaji asiyelijua hilo ataondoka akidhani kwamba umaskini ni ukosefu wa ndoto, na kwamba dawa yake ni mtu mmoja mwenye ndoto kubwa. La hasha! Watu wale walikuwa na kazi, na kazi ikaondolewa.

Pili, shangwe ya ushindi inatusahaulisha hesabu. Magazeti ya Uingereza yalieleza kwamba farasi huyo alishinda jumla ya paundi 138,646, na kwamba baada ya gharama zote kila mwanachama alipata faida ya paundi 1,430. Tuzigawanye kwa mchango wa paundi 10. Ni michango ya wiki 143, yaani chini ya miaka mitatu. Basi hata chama hiki, chenye farasi aliyeshinda mojawapo ya mbio kubwa za nchi yake, hakikumtajirisha mwanachama hata mmoja. Na huyu ni farasi mmoja aliyefika, katika maelfu wasiofika. Walichopata wanachama ni kitu kingine: kwa miaka kadhaa walikuwa na jambo lao, wakaliamua wenyewe, wakaliangalia likikua. Hiyo si faida ndogo. Lakini anayewaiga kwa kutafuta utajiri wa ghafla ameiga kivuli.

Farasi wa Tandika

Turudi sasa kwa swali la dereva wetu. Odi ya Dream Alliance siku ile ilikuwa 20 kwa 1. Tulimjibu, maana swali lake lilikuwa halali. Lakini tulijiuliza amelipata wapi, kwani Temeke haina uwanja wa mbio za farasi. Mnyama anayefanya kazi katika mitaa yetu ni punda wa mkokoteni.

Jibu liko barabarani. Tandika, Mbagala, Tandale na Mwananyamala vijana wanaweka mikeka ya mpira. Na katika maduka ya kubeti zipo pia skrini zinazoonyesha mbio za farasi na mbwa kila baada ya dakika chache. Michezo hii inaendeshwa kwa leseni, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Farasi hao hawali majani wala hawana saisi. Ni picha za kompyuta, na mshindi huchaguliwa na programu.

Tufanye hesabu ya mfano, kama tulivyoifanya darasani. Tuseme farasi ni wanane, wote wana nafasi sawa, na duka linalipa mara sita ya dau. Watu wanane wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, kila mmoja farasi wake, zinapatikana 8,000. Mshindi anapewa 6,000. Shilingi 2,000 zinabaki dukani, farasi yeyote ashinde. Mbio zikirudiwa siku nzima, mshindi hubadilika mara kwa mara, lakini mwenye skrini habadiliki. Huyo ndiye mwenye farasi.

Kijana yule alinyamaza kidogo, kisha akatueleza habari zake. Alikuwa na pikipiki ya mkataba. Kila siku alipeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na baada ya muda wa mkataba ingekuwa yake. Wiki moja biashara ilikuwa mbaya. Akachukua hesabu ya siku tatu akaiweka kwenye mkeka ili airudishe na nyongeza. Mkeka ukachanika. Mwenye pikipiki akaichukua, na miezi minane ya jasho ikaenda nayo. Sasa anaendesha ya mtu mwingine, bila mkataba.

Hapa makada hatuna budi kujikosoa. Mara nyingi tumewaendea vijana hawa na mahubiri: kamari ni mbaya, fanyeni kazi. Lakini kijana huyu anafanya kazi kuanzia alfajiri hadi usiku. Haweki mkeka kwa uvivu. Anauweka kwa sababu kila akipiga hesabu ya kipato chake haoni mlango wa kutokea, na mkeka unamwonyesha picha ya mlango. Kumwita mvivu ni kulikwepa swali. Yeye ni mpanda farasi asiye na farasi, na swali lake la kweli, chini ya lile la odi, ni swali la umiliki.

Swali la mama

Jibu tulilipata kwa mama muuza samaki. Alitaka kujua nani anatunza michango kwa sababu anajua, kwa mazoea ya kikoba, kwamba chama hufa au hupona katika daftari. Tulimjibu kwamba kijijini kule ilikuwa michango ya kila wiki, kanuni zilizokubaliwa mapema na mhasibu mmoja wao. Akasema: "Basi ni kikoba tu, ila walinunua farasi."

Tukachukua ubao. Tuseme madereva 10 wanachanga shilingi 2,000 kila mmoja kwa siku. Kwa siku 30 ni 600,000. Ikiwa pikipiki ni shilingi milioni 3, basi ya kwanza inapatikana baada ya miezi mitano. Mwendo huo ni wa pole. Lakini mwanachama anayeipata halipi tena hesabu kwa mtu wa nje; sehemu ya hesabu hiyo akiirudisha chamani, pikipiki ya pili inakuja mapema kuliko ya kwanza, na ya tatu mapema kuliko ya pili. Hapo fedha iliyokuwa ikitoka inaanza kuzunguka ndani.

Hatudai kwamba njia hiyo haina vikwazo. Mweka hazina asiye mwaminifu, ugonjwa au ajali vinaweza kukivunja chama, na hakuna chama cha watu 10 kinachoweza kumaliza peke yake tatizo la ajira la jiji zima. Hilo linahitaji uchumi unaozalisha, na ni mjadala mpana kuliko sinema moja. Tunachosema ni kwamba darasa la siasa linaloishia kwenye laana ya kamari, bila daftari na bila ubao wa hesabu, limeliachia duka la kubeti kazi ya kufundisha.

Tunapendekeza Dream Horse ionyeshwe katika madarasa na vyuo, lakini isionyeshwe bila mjadala. Mwalimu asimamishe sinema pale penye vikao, aulize nani anaamua. Aeleze habari za migodi na mgomo ambazo sinema haikuzieleza. Mwishoni aandike ubaoni 1,430, na awaache wanafunzi wenyewe wagawanye.

Wiki iliyofuata darasa letu lilikuwa na madereva saba badala ya mmoja. Mama muuza samaki alikuja na daftari jipya, na jambo la kwanza walilobishania ni nani atakayelishika. Mpaka tunaandika makala haya bado hawajanunua kitu.