Riwaya ya Kimarekani na Msomaji wa Litumbandyosi

Imekuwa desturi katika ufundishaji wa riwaya za kigeni kuanza na maelezo mafupi ya nchi na maisha ya mwandishi, kisha kuyaweka kando maelezo hayo na kuingia katika wahusika, dhamira na lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa mfasiri na mwalimu wa Kiswahili jamii haiishi katika dibaji. Imo ndani ya neno lenyewe, na asiyeijua jamii hiyo hana kipimo cha kuchagulia istilahi.

Mfano wetu ni riwaya fupi ya Mmarekani Ernest Hemingway iliyotoka mwaka 1952, ambayo wasomaji wa Tanzania waliipata mwaka 1980 kwa jina la Mzee na Bahari, tafsiri ya Cyprian Tirumanywa iliyochapishwa na Tanzania Publishing House. Santiago, mvuvi maskini wa Kuba, amekaa siku 84 bila kupata samaki. Anakwenda mbali peke yake, anamnasa samaki mrefu kuliko chombo chake, na papa wanamla samaki huyo kabla hajafika nchi kavu. Hatukusudii hapa kuipima tafsiri hiyo sentensi kwa sentensi, bali kuyatazama maneno machache ambayo kila mfasiri wa kitabu hicho hana budi kuyakabili.

Kwanza tumtazame msomaji. Litumbandyosi, wilayani Mbinga, haiko ufukweni. Mwambao wa Ziwa Nyasa wenye Lituhi, Liuli na Mbamba Bay ulikuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi Wilaya ya Nyasa ilipotengwa mwaka 2012. Mwanafunzi wa huko huwajua usipa na mbasa, huujua mtumbwi, na huenda amesikia habari za mwera, upepo wa kusini-mashariki unaochafua ziwa. Lakini ziwani hakuna papa wala sulisuli, na maji hayajai na kupwa kama ya bahari. Hivyo maneno ya pwani ambayo sisi huyaita Kiswahili fasaha, kama vile bamvua, jarife na ngalawa, kwake yanahitaji kufafanuliwa karibu sawa na mambo ya Kuba. Mwalimu asidhani kwamba kitabu kikishatiwa katika Kiswahili kimekwisha fika Litumbandyosi.

Neno la kwanza ni lile la jina la kitabu. Kwa Kiingereza mvuvi huyu ametajwa kwa umri wake tu, na umri huo waweza kutamkwa kwa upendo, kwa huruma au kwa dharau. Kwetu "mzee" ni neno la heshima. Lingekuwa kosa kuandika "kikongwe" au "kizee", kwa kuwa kijana Manolin anampenda na kumstahi. Hata hivyo, wavuvi wengine wanamcheka, na wazazi wa Manolin wamemwondoa kijana huyo katika chombo cha mtu mwenye mkosi baada ya siku 40. Jina la Kiswahili ni zuri, lakini linampa Santiago cheo ambacho kijiji chake hakikumpa kwa ukamilifu. Mwalimu asipolisema hilo, msomaji wetu atashangaa mzee kulala njaa, na hataona kwamba mshangao huo ndio mlango wa kuielewa jamii ile.

Neno la pili ni bahari. Kihispania humwezesha mvuvi kuitaja bahari kama mwanamke, la mar, au kama mwanamume, el mar. Santiago hutumia umbo la kwanza, ilhali baadhi ya vijana hutumia la pili. Ngeli za Kiswahili hazina uke na uume, na mfasiri aweza kudhani kwamba ni pambo la sarufi lisilo na hasara likiachwa. Lakini Hemingway anatuambia vijana hao ni akina nani: ni wale walionunua vyombo vya injini wakati maini ya papa yalipoleta fedha nyingi. Mafuta ya maini hayo yalitafutwa sana katika miaka ya 1940 kwa ajili ya vitamini A. Basi jinsia ya bahari ni alama ya uchumi. Upande mmoja yupo anayeishi kwa mshipi na kafi, na upande wa pili yupo aliyeingia katika soko kubwa, anayeiona bahari kama mshindani. Njia iliyo salama ni kuyabakiza maneno ya Kihispania na kuyaeleza ndani ya sentensi.

Neno la tatu ni besiboli. Wapo watakaoshauri kuweka soka ili kumrahisishia msomaji. Ushauri huo unakata uzi. Besiboli ilifika Kuba kutoka Marekani katika karne ya 19, na katika riwaya hii inamfikia Santiago kwa gazeti, na wavuvi wenye uwezo kwa redio. Shujaa wake ni Joe DiMaggio, aliyeichezea New York Yankees tangu 1936 hadi 1951, na ambaye baba yake alikuwa mvuvi. Kitabu kisicho na mandhari ya Marekani kinakuwa cha Kimarekani kwa njia hiyo: nguvu ya nchi ile imo katika ndoto za maskini wa nchi jirani.

DiMaggio alisumbuliwa na mfupa uliochipuka kisiginoni, na Santiago anaulinganisha na silaha ya mguuni mwa jogoo wa kupiganishwa. Hapa Kiswahili hakipungukiwi. Tunalo neno "kipi", ule ukucha wa nyuma ya mguu wa jogoo. "Kipi cha mfupa" kinabeba ugonjwa na jogoo kwa pamoja, na kila mwenye kufuga kuku Litumbandyosi atakielewa.

Kutokana na mifano hii twaweza kupendekeza kanuni. Majina ya vyombo vya kazi inayofanana, kama mtumbwi, ndoano, mshipi na chambo, na yatumike bila wasiwasi. Maneno yanayobeba uhusiano wa watu, yaani nani tajiri, nani anacheka, nani anamtazama nani kama shujaa, yasibadilishwe kwa vitu vya kwetu, bali yaelezwe. Aidha, waandaaji wa orodha za istilahi wangefanya vyema kuandika kando ya kila neno la namna hii limetoka katika maisha gani. Orodha yenye visawe peke yake haimwambii mwalimu wa Litumbandyosi kwa nini soka si besiboli.